Joto la Julai

Kwa miaka miwili niliilaumu kaskazi. Mimi ni fundi cherehani wa Kisauni. Kibanda changu ni cha mabati, pasi ya makaa iko ubavuni mwangu tangu asubuhi, na mwanamke akitokwa na jasho Mombasa mwezi wa Februari hakuna wa kumuuliza kulikoni. Basi nilipoamka saa nane za usiku, kanga imelowa kama iliyotoka kufuliwa, nilifungua dirisha, nikageuza mto, nikasema joto la mwaka huu limezidi.

Nairobi ndiyo iliyoninyang'anya kisingizio hicho. Ilikuwa Julai, nami nilikuwa sijapita Voi maishani. Mdogo wangu anayeishi Kangemi alinikatia tikiti ya SGR, treni ya saa mbili asubuhi kutoka Miritini, na baada ya kilomita 472 nikashuka Syokimau nimevaa sweta la kuazima juu ya buibui. Alinipokea, tukapanda treni ndogo hadi mjini, kisha matatu namba 23. Foleni ikatukamata Museum Hill. Abiria wote wamevaa majaketi, madirisha yamefungwa, vioo vimeingia ukungu wa pumzi zao. Hapo likaanza: kifuani kwanza, kama mtu amefunua sufuria ya wali mbele ya uso wangu, likapanda shingoni, masikioni, hadi kwenye mizizi ya nywele. Nikavua sweta, nikasukuma kioo. Mzee aliyekaa nyuma akalalamika, "Mama, funga dirisha, baridi inaingia." Jasho lilikuwa likinidondoka kidevuni. Mdogo wangu alinitazama, asiseme neno mpaka tulipopita Chiromo.

"Dada," akaninong'oneza, "hii si kaskazi."

Kwetu jambo hili lina jina la mwisho wake tu: kukatika hedhi. Ama mwanamke anaziona siku zake, ama zimekatika. Ile miaka ya katikati, damu inapokuja na kupotea kama maji ya mfereji, haina jina, na kisicho na jina hakisemwi hata baina ya wanawake watupu. Nina miaka 47. Shangazi zangu wote wameipita njia hiyo, na hakuna aliyewahi kunionyesha ilipoanzia.

Asubuhi tukateremka Westlands. Nilikuwa nimeisikia kwa jina, nikiidhani ni mtaa wa majumba ya kifahari tu. Nikakuta ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022, inayotoka Mlolongo kilomita 27, imejinyoosha juu ya Waiyaki Way kama paa, na chini yake wanawake wanauza ndizi na mahindi ya kuchoma. Tukapita karibu na Sarit Centre, jumba la maduka lililokuwapo tangu 1983, tukaingia kwenye duka la dawa ambamo mdogo wangu huwanunulia watoto dawa za kikohozi.

Rafu nzima ilikuwa yetu. Chupa zenye picha za maua, za wanawake wazungu wanaotabasamu ufukweni: soya, mafuta ya primurozi, kohoshi nyeusi, ashwagandha, magnesi. Moja iliandikwa shilingi 3,800, ushonaji wangu wa siku kadhaa. Nilikuwa tayari kulipa. Mtu asiyelala miezi mingi halinganishi bei.

Mfamasia alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Nilipoiweka chupa mezani hakuigusa mashine ya kulipia. Aliniuliza natumia dawa gani nyingine. Nikamtolea vidonge vyangu vya presha, na pia kichupa cha unga wa kahawia nilichouziwa Mombasa na mchuuzi kwa ajili ya "mambo ya kina mama". Akakigeuza huku na huku. Hakina jina, hakina tarehe, hakina namba ya Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo ndiyo inayosajili dawa Kenya, za mitishamba nazo. "Mama, kuna nini humu ndani?" Sikuwa na jibu, nami nilikuwa nimekilamba mwezi mzima.

Akatuvutia viti. Akanieleza kwamba mayai ya uzazi yakikaribia kuisha, homoni ya estrojeni haishuki taratibu, hupanda na kuporomoka kwa miaka, na sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huchanganyikiwa. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma ikishapita miezi 12 mfululizo bila damu.

"Nisikufiche," akasema. Soya ina vitu vinavyofanana kidogo na estrojeni. Wapo wanaosema imewasaidia, lakini katika majaribio hata wanaopewa vidonge visivyo na dawa yoyote hupungukiwa joto kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo ni vigumu kujua kipi kimesaidia. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini kilipima ushahidi, na hakikupendekeza soya wala kohoshi nyeusi kwa joto hili. Kohoshi na ashwagandha zimewahi kuhusishwa na madhara ya ini, ingawa kwa nadra. Na yapo majani ya Mtakatifu Yohana, ambayo watu huyanunua kwa ajili ya huzuni: hayo hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi na baadhi ya dawa za ukimwi. Nilimfikiria jirani yangu mmoja, nikaliandika jina hilo mkononi.

Kisha akaniuliza swali ambalo hata mume wangu hajawahi kuniuliza: damu inatoka kiasi gani? Nikamwambia ukweli. Mwezi wa Aprili ilitoka wiki mbili, na zilikuwapo siku za kubadilisha pedi kila saa. Akairudisha ile chupa rafuni. "Hii sitakuuzia leo. Muone daktari kwanza."

Daktari wa wanawake tulimpata jengo la jirani. Kipimo cha damu kilisoma 8.4, na mwanamke anatakiwa afike 12. Kwenye kizazi kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau, si saratani. Ule uchovu wangu wa kusimamisha cherehani mchana, nikiegemea meza na kusema uzee umeingia, ulikuwa upungufu wa damu. Nililia pale, na siyo kwa huzuni. Kuhusu tiba ya homoni aliniambia habari za utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa 2002 na kuwatisha wanawake dunia nzima. Wengi waliopimwa walikuwa wamevuka sana umri wangu, wastani miaka 63, na leo madaktari huwaandikia tiba hiyo wanawake wengi walio chini ya miaka 60. Mimi tutulize presha na damu kwanza, ndipo tuizungumze.

Nikatoka na vidonge vya chuma. Chai isivikaribie, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini. Kwa ajili ya mifupa, maziwa na dagaa wazima, na dakika chache za jua kwenye mikono, maana sisi wa buibui jua hutupita.

Kabla ya kurudi Kangemi tulipita Diamond Plaza, Parklands, kwenye harufu ya bizari na uvumba. Duka moja liliuza vidonge vya uwatu ndani ya kopo la kung'aa. Uwatu! Shangazi alikuwa akiuchemshia kila mzazi wa ukoo wetu, na kopo lake limo jikoni kwangu hadi leo. Nitaendelea kuunywa kwa kuwa naupenda, na daktari anajua. Kwa mwenye dawa za sukari aliniambia ni lazima aulize, kwani uwatu hushusha sukari.

Ndani ya treni ya kurudi, tukiwa Tsavo, joto likaja tena. Sikufungua chochote. Nilitoa daftari langu la vipimo vya wateja, kifua, kiuno, urefu wa mkono, nikaligeuza nyuma, nikaandika kwenye ukurasa mtupu: Alhamisi, saa tano na robo, dakika nne.