Uwanja wa Golfu wa St Andrews, na Mufuko wa Papa

Tangu niliporudi, wengi mumeniuliza kama ni kweli nilicheza golfu kule Ulaya. Vijana wa kwaya ndio wanacheka zaidi: muchungaji na ile fimbo ya wakubwa! Basi leo nitawaeleza, hata ile sehemu sikuambia mutu.

Mwaka 2018 nilikaa Scotland, inchi alikotoka Arnot, ule mumisionere aliyefika Bunkeya kwa mwami Msiri mwaka 1886. Jamaa iliyonipokea ilikaa katika St Andrews, muji mudogo kando ya bahari. Upepo wake si wa kucheza. Mwezi wa sita mimi nilivaa makoti mawili, watoto wao wakanicheka.

Katika muji ule njo kuko uwanja wa golfu unaojulikana kuliko yote duniani, jina lake Old Course. Watu wanacheza pale kupita miaka 500. Mwaka 1457 mufalme James wa Pili alikataza golfu katika inchi yote, kwa sababu vijana walikuwa wanaacha kujifunza upinde na mishale. Hawakusikia. Hata matundu 18 tunayoyaona katika viwanja vingi, hesabu ile ilitoka pale: walikuwa na 22, mwaka 1764 wakapunguza. Kwa mugeni kuingia kucheza mara moja tu, mwaka ule wa 2018 ilikuwa pauni zaidi ya 150. Nilipima hesabu ile kwa masomo ya watoto wangu, nikanyamaza.

Muzee wa kanisa aliyenipokea ni mutu wa muji, anacheza kwa karatasi ya mwaka, bei yake kidogo sana. Siku moja ya posho akaniambia: « Pasta, kesho kutwa nitacheza, kuja tutembee pamoja. » Kucheza mwenyewe pale sikuweza. Wanaomba karatasi ya kuonyesha kama unajua muchezo, na mimi nilikuwa sijashika fimbo hata siku moja.

Tulipofika, alifungua gari, akatoa mufuko wa fimbo na kigari cha kuukokota. Ndipo nikafikiri juu ya papa yangu.

Papa alipokuwa mutoto, mbele ya uhuru, alibeba mifuko ya golfu ya wazungu wa mugodi. Alianza akiwa na miaka kumi. Mupira ukipotea katika majani, faranga za siku ile zilikatwa. Alituambia mara nyingi: « Ile mupira ya bazungu nilitembea nayo miaka sita, lakini kuipika mara moja, hapana. » Alisema bila kukasirika, na sisi watoto tulidhani ni masimulizi tu.

Nikamwambia muzee: « Leo mufuko nitabeba mimi. » Akakataa. Uso wake ukawa mwekundu, kwa sababu aliona watu watasema nini: muzungu mbele, mutu mweusi nyuma na muzigo. Hata mimi niliona. Nilimueleza habari ya papa. Akanyamaza kidogo, akaacha kigari katika gari.

Mufuko ule ni muzito, wandugu. Kilometa zaidi ya sita, karibu saa nne za kutembea, na kamba inakula bega. Lakini kwa macho ni uzuri mutupu. Si bustani ya maua: ni udongo wa muchanga na majani mafupi, vilima vidogo vidogo, kondoo walilisha pale zamani. Kuko mashimo 112 ya muchanga. Moja, kwenye tundu la 14, wanaliita Jehanamu, na muzee wangu wa kanisa aliingia mule akapika mara tatu mbele ya kutoka. Nilitazama pembeni. Matundu mengi yanatumia uwanja mumoja wawili wawili, watu wanaoenda na watu wanaorudi wanakutana, wanaamkiana.

Muzee akaniambia neno lililonishangaza: udongo ule si wa kampuni, wala si wa ile klabu ya wakubwa yenye nyumba ya mawe karibu na tundu la kwanza, ambayo haikupokea wanawake kuwa washiriki mupaka 2014. Ni wa muji. Mwaka 1552 askofu mukuu aliandika kama watu wa St Andrews wana haki ya kucheza pale. Kwetu sikumbuki uwanja wa golfu bila kufikiri mulinzi mulangoni.

Mangaribi ile akanipeleka Balgove, uwanja mudogo wa matundu tisa, wanakojifunza watoto na watu sawa mimi. Nilipika mara ya kwanza: hewa tu. Mara ya pili: udongo. Mara ya tatu mupira ukaruka! Haukuenda mahali nilipotaka, lakini uliruka. Mutoto musichana wa miaka nane hivi, nyuma yetu, alingoja kwa adabu kubwa. Kumaliza matundu tisa nilipika mara 81, na hesabu ile muzee aliifanya kwa huruma.

Siku ya Mungu Old Course inafungwa, isipokuwa kwa mashindano machache makubwa. Kisha ibada watu wote wanaingia bure: wamama na vigari vya watoto, wazee na mbwa zao. Nilikwenda mupaka kidaraja cha mawe cha Swilcan, kwenye tundu la mwisho, nikasimama pale nikapiga simu Likasi.

« Papa, nilipika ile mupira. »

« Ya kweli? Iliruka? »

« Iliruka. Na juzi nilibeba mufuko, matundu yote 18. »

Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika.

« Mufuko ilikuwa muzito? »

« Muzito sana, papa. »

Akaanza kucheka, akaita mama aje kusikia.