Njia Iliyokwisha Kufunguliwa

Nilipoajiriwa kutunza seva za ofisi moja ya Dar es Salaam, kazi ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa nakala za akiba. Kila usiku skripti ilikusanya mafaili ya wateja kwa `tar` na kuyahifadhi kwenye diski nyingine. Asubuhi msimamizi wetu alifungua logi, akakuta mstari mmoja, "Kazi imekwisha", akaendelea na shughuli zake. Mstari ule ulininyima raha. Skripti ilikuwa na ujumbe mwingi wa kuandika. Mwingine ulikuwa unakwenda wapi?

Nikaiendesha mchana, logi ikiwa wazi mbele yangu. Faili liliongezeka, kisha likapungua ghafla. Kuna wakati niliona msururu wa `^@^@^@`, yaani baiti za sifuri, ukifuatwa na lalamiko la `tar` kwamba imenyimwa ruhusa ya kusoma folda fulani. Punde lalamiko lenyewe likatoweka.

"Mzee, hebu njoo uone," nilimwita msimamizi. Folda ile haikuwamo kwenye nakala.

Skripti iliandika kila ujumbe kwa `echo "..." > /dev/stderr`, na cron iliianzisha kwa `2> nakala.log`. Programu inapoanza kwenye Linux huwa inarithi njia tatu zilizokwisha kufunguliwa: 0 ya kupokea, 1 ya matokeo, 2 ya makosa. Ukiandika `>&2`, sheli inatumia njia hiyohiyo, pamoja na mahali ilipofikia kuandika. Lakini `/dev/stderr` ni jina linaloelekeza kwenye `/proc/self/fd/2`, na kwenye Linux kulifungua ni kulifungua upya faili lililo nyuma yake. Alama ya `>` nayo hufuta kilichomo. Kila `echo` ilikuwa inafuta logi nzima. `tar`, iliyoshika njia ya zamani, iliendelea kuandika pale ilipoishia, na pengo lililobaki nyuma likasomeka kama sifuri. Tulibadilisha `> /dev/stderr` kuwa `>&2` kila ilipokuwa, na kuanzia usiku huo malalamiko yote yalionekana.

Tangu hapo nimekuwa mkali kuhusu jambo hili, na nimelikuta tena kwa sura nyingine. Mtu anaingia kwa akaunti yake, anahamia ya huduma kwa `su`, na skripti inagoma: `/dev/stderr: Permission denied`. Terminali ni mali ya akaunti ya kwanza, na ruhusa hukaguliwa wakati wa kufungua. Aliyerithi njia iliyo wazi haulizwi tena.

Nadhani hapo ndipo ulipo ubora wa mabomba ya Unix. Doug McIlroy wa Bell Labs aliandika mwaka 1964 kwamba programu ziunganishwe kama mpira wa kumwagilia bustani. Ken Thompson akaliingiza wazo hilo kwenye Unix mwaka 1973. Katika `tar -cf - data | gzip > data.tar.gz`, `tar` haijui inamwandikia nani, na haihitaji kujua. Kistari kinachosimama peke yake kinatosha kuiambia itoe matokeo kwenye njia ya 1.

Sisemi mafaili maalumu ya `/dev` hayafai. Ningefanyaje kazi bila `/dev/null`? Na `/dev/tty` ndiyo inayoiwezesha `ssh` kuuliza nywila hata ikiwa katikati ya bomba, kwa sababu hapo ndipo hasa unapotaka kumfikia mtu aliyeketi kwenye kibodi. Hayo mawili yamo katika kanuni za POSIX. `/dev/stdin`, `/dev/stdout` na `/dev/stderr` hazijalazimishwa na kanuni hizo, na kila mfumo una namna yake ya kuzishughulikia.

Kijana unayeanza kazi hii, tafuta leo `> /dev/stderr` katika skripti zako zote, uweke `>&2`. Kisha fungua logi ya nakala zako za akiba uisome mwanzo hadi mwisho.