Jiwe la Kipushi ndani ya radio

Fundi wa Makomeno akifungua radio ndogo ya zamani iliyonyamaza, anakuta humo transista sita au saba, vipande vidogo vya miguu mitatu. Umeme kidogo unaoingia kwa mguu mmoja unaongoza umeme mwingi zaidi unaopita katika miguu mingine. Hivyo sauti dhaifu ya antena inapata nguvu.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na taa za kioo, zilizopata moto na kula umeme mwingi. Transista ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwezi wa Desemba 1947, kwa madini ya jerimaniamu. Tangu miaka ya 1950 madini hayo yalitoka pia Kipushi, kilomita 30 hivi toka Lubumbashi. Radio ikaanza kutembea kwa betri ndogo. Hata familia iliyokimbia vita, inayolala pasipo umeme, inaweza kusikia habari za kwao.

Leo silikoni imechukua nafasi ya jerimaniamu, na kipande kimoja ndani ya simu kinabeba transista mabilioni. Akili ya mashine imeongezeka, lakini moja ikikufa fundi hawezi kuigusa. Kipande kizima kinatupwa. Kwa hiyo radio ya zamani isidharauliwe. Inatengenezwa hapa hapa mtaani, kwa chuma cha moto na lehemu kidogo. Kwa anayengoja kusikia kama njia ya kurudi nyumbani imefunguliwa, hilo si jambo dogo.