Kabla ya Toyota Kulikuwa na Mwalimu

Ukisema hapa chuoni kwamba unasoma ualimu, swali la kwanza huwa moja tu: "Ajira je?" La pili linakuja kwa sauti ya huruma: "Kwani hukupata kozi nyingine?" Nina miaka 22, niko mwaka wa tatu, nasoma elimu, na somo langu la kufundishia ni hisabati. Maswali hayo nimeshayazoea. Nisichokubali ni wazo lililojificha nyuma yake, kwamba uchumi unajengwa na watu wa biashara, wahandisi na wanasheria, na sisi maticha tupo pembeni tunafuta ubao.

Muhula huu, kwenye kozi ya uchumi wa elimu, kikundi chetu kilipewa mada ambayo wenzangu waliiona haituhusu hata kidogo: jinsi majimbo ya Marekani yanavyogombania kampuni za kigeni. "Hiyo si ya kwetu, hiyo wapelekeeni wa biashara," alisema mmoja. Mimi niliichukua nikaenda nayo maktaba. Nilichokikuta kule kimenipa jibu ambalo nalihitaji kila ninapoulizwa ya ajira.

Kwanza tuelewane mambo yanavyokwenda. Marekani ina majimbo 50, na kila moja lina gavana wake, bunge lake na kodi zake. Kampuni ya Japani au ya Ujerumani ikitangaza kwamba inatafuta mahali pa kujenga kiwanda, magavana ndio wanaopanda ndege kuifuata. Huyu anaahidi kiwanja, yule barabara, mwingine msamaha wa kodi, mwingine pesa za kufundisha wafanyakazi. Kampuni inapita kama mteja sokoni anayeuliza bei meza kwa meza, na kila muuzaji anaongeza fungu ili asipitwe.

Miaka ya themanini soko hilo lilichangamka hasa. Mwaka 1981 Japani ilikubali kupunguza idadi ya magari inayoyauza Marekani. Kampuni za Kijapani zikaona dawa ni kutengeneza magari hukohuko. Honda ilianza kutoa magari Ohio mwaka 1982, Nissan ikaanza Tennessee mwaka 1983. Toyota nayo ikatafuta kwake.

Wakati huo gavana wa Kentucky alikuwa Martha Layne Collins, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho katika jimbo lile. Na kabla ya siasa, kazi yake ilikuwa nini? Ticha! Alifundisha hisabati na sayansi kimu. Niliposoma mstari huo nilicheka peke yangu maktaba mpaka jirani yangu akaniangalia.

Basi fuatilia mwaka 1985 ulivyokwenda. Mwezi Julai Collins aliliita bunge la jimbo katika kikao maalumu, na kikao hicho kikapitisha mpango wa elimu: nyongeza ya mishahara ya walimu, madarasa yenye wanafunzi wachache zaidi, fedha za ujenzi wa shule. Mwezi Desemba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba Toyota itajenga kiwanda Georgetown, mji mdogo karibu na Lexington, kwa uwekezaji wa dola milioni 800 na ajira 3,000. Sisemi kwamba Toyota ilikuja kwa sababu ya mishahara ya walimu. Lakini gavana yule aliyafanya yote mawili mwaka mmoja, na hakuona kwamba moja linapingana na jingine.

Wala Toyota haikuja bure. Jimbo lilitoa kifurushi cha dola kama milioni 149, na watu walilalamika kweli. Kesi ilifika mpaka mahakama ya juu kabisa ya jimbo, ambayo mwaka 1987 iliamua kwamba mpango ule ni halali. Ukiangalia kilichokuwa ndani ya kifurushi, utaona kulikuwa na ardhi, barabara, mafunzo ya wafanyakazi, hata fungu la masomo kwa familia za Kijapani zilizokuja. Mei 1988 Camry ya kwanza ikatoka. Leo kiwanda kile kina wafanyakazi zaidi ya 8,000.

Sasa twende Wisconsin, kwa sababu hadithi nzuri peke yake haifundishi. Mwaka 2017 Foxconn, kampuni ya Taiwan, iliahidi kujenga huko kiwanda cha skrini: uwekezaji wa dola bilioni 10 na ajira mpaka 13,000. Jimbo likaahidi vivutio vya dola kama bilioni 3. Kijiji cha Mount Pleasant na wilaya yake vikatumia mamia ya mamilioni ya dola kwa ardhi, barabara na maji, na familia kadhaa zikaondoka kwenye nyumba zao kupisha mradi. Hata chuo kikuu kiliingia kwenye furaha ile. Agosti 2018 Foxconn iliahidi Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichopo Madison dola milioni 100. Mwaka mmoja baadaye zilizofika zilikuwa 700,000. Nikipiga hesabu, hiyo haifiki hata asilimia moja.

Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya. Ajira zilishuka kutoka 13,000 hadi 1,454, na vivutio vya jimbo vikashuka hadi dola milioni 80. Nafuu ya jimbo ilikuwa kwamba punguzo lake la kodi lilitegemea kampuni kutimiza ahadi kwanza. Wale wa kijijini, waliotanguliza pesa, ndio waliobaki na barabara pana zisizo na wafanyakazi wa kuzipita. Baadaye Microsoft ilinunua sehemu ya ardhi ile.

Mchumi Timothy Bartik wa Taasisi ya Upjohn, Michigan, amefanya kazi miaka mingi kwenye mambo haya. Mwaka 2018 alikadiria kwamba vivutio hubadilisha uamuzi wa kampuni kati ya 2 na 25 tu katika kila 100 zinazovipata. Maana yake, hata tukichukua kadirio la juu, kampuni 75 kati ya 100 zingekuja vilevile. Zinafuata soko, barabara, umeme, na watu wanaojua kazi. Msamaha wa kodi wanaupokea tu, kama ambavyo wewe na mimi hatukatai nyongeza ya nyama mgahawani.

Hapa ndipo mwalimu anapoingia. Shule za umma Marekani zinategemea sana kodi ya ardhi na majengo ya mahali zilipo. Ukiisamehe kampuni kodi hiyo kwa miaka 10, mara nyingi aliyesamehe kweli ni shule. Louisiana ilifanya hivyo kwa miaka mingi, na uamuzi ulikuwa unatolewa juu, bodi za shule zikipewa taarifa tu. Mwaka 2016 gavana John Bel Edwards alitoa amri iliyozipa bodi hizo sauti. Mwaka 2018 walimu wa East Baton Rouge walipiga kura ya kugoma siku moja kupinga msamaha ulioombwa na ExxonMobil, na Januari 2019 bodi ya shule ikaukataa. ExxonMobil si kampuni ya kigeni, ni ya hukohuko Marekani, lakini sheria ile haikubagua wa nje wala wa ndani. Wale walimu walikuwa wamepiga hesabu: jimbo linawaambia wawekezaji "njooni, tuna vijana waliosoma", huku likiwapa pesa zilezile za kuwasomesha vijana hao.

Mwenzangu wa chumba anasoma biashara, na tulibishana juu ya hili mpaka umeme wa hosteli ukakatika. Hoja yake ilikuwa: "Ticha, kampuni isipokuja, hiyo kodi unayoililia haipo. Sifuri ukiisamehe ni sifuri." Ni hoja nzito, na siwezi kuipuuza. Kentucky yenyewe ingekaa na msimamo wa kutotoa senti, huenda Toyota ingejenga jimbo la jirani. Nilichomjibu ni kwamba kutoa kupo kwa aina mbili. Msamaha wa kodi ukishatolewa unaingia kwenye vitabu vya kampuni, na kampuni ikihama unahama nao. Mafunzo yanaingia kwenye kichwa cha mtu, na mtu yule anabaki palepale na kichwa chake.

Karolina Kusini ililijua hilo mapema. Mwaka 1961, gavana akiwa Ernest Hollings, jimbo lilianzisha vyuo vya ufundi vya kufundisha wafanyakazi wa viwanda vipya. BMW ilipotangaza mwaka 1992 kwamba inakwenda kujenga Spartanburg, vyuo vile vilikuwa vimefanya kazi kwa miaka 30. Na Kentucky, mwaka 2010, Toyota na washirika wake walianza mpango wa mafunzo unaoitwa FAME: mwanafunzi anakaa darasani siku mbili na kiwandani siku tatu kwa wiki, na za kiwandani analipwa. Nikifikiria sisi tunaosubiri bumu huku tukila mlo mmoja, natamani kweli.

Nchi yetu nayo inatafuta wawekezaji, na baadhi yenu mnaosoma gazeti hili kesho ndio mtakaokaa mezani kuandika mikataba. Wa sheria mtapanga vifungu, wa biashara mtapiga hesabu za faida, wahandisi mtapima kiwanja. Ombi langu kwenu ni dogo. Kabla hamjasaini, ulizeni mkataba huu unaiachia nini shule iliyo karibu zaidi na kiwanda: maabara, walimu, nafasi za vijana kujifunza kazi, au bajeti yenye tundu. Kama hakuna mwenye jibu, muiteni ticha. Tutakuwepo. Nusu ya watakaokaa mezani hapo tutakuwa tumewafundisha hisabati sisi.