Baiskeli Sita za Mulongwe

Kwetu Uvira kiangazi hakingoji kalenda. Mwezi wa sita ukiingia mvua hukatika, majani ya milima iliyo juu ya mji huwa rangi ya kahawia, na upepo wa kusini huanza kuvuma toka ziwani. Ndipo sisi ndugu wawili, watu wa Mulongwe, tunapozitoa baiskeli zetu uani, tukazipindua magurudumu juu, tukasafisha minyororo na kuipaka mafuta. Msomaji mpenzi, usitudhanie kuwa watu wa mashindano. Hao tuliwasikia redioni Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Wana mbio kweli. Lakini hatukusikia kwamba hata mmoja wao alibeba mkungu wa ndizi. Sisi mmoja ni mshonaji, mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi, na miguu yetu ni miguu ya watu wakaao kitako. Walakini kila Jumamosi ya kiangazi, palipo na amani, twapanda na kwenda.

Njia zetu ni mbili tu, kwani Uvira imebanwa kati ya mlima na maji. Ya kusini yapita bandari ya Kalundu, kisha yafuata ufuko kwenda Makobola. Kwenda, upepo watupiga usoni hata machozi yatutoka. Kurudi, huo huo watusukuma mgongoni kama mama amsukumavyo mtoto shuleni. Kando ya barabara ndagala zimeanikwa, na harufu yake yatufuata mpaka nyumbani. Tukifika Makobola twashuka na kukokota baiskeli. Mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999 mamia ya watu waliuawa mahali pale, na hatuoni vema kupita tukipiga kengele.

Ya kaskazini ni ndefu zaidi: bonde la Ruzizi, kupita Kiliba, Sange na Luvungi mpaka Kamanyola, kadiri ya kilomita 80. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi hata kichwa cha ziwa ili wajue kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Wakaona unaingia. Mwenye baiskeli haoni taabu kuwasadiki. Bonde lile machoni ni tambarare kama meza, lakini ukilifuata kwenda Kamanyola mapaja yakuambia kwamba unapanda, na jioni ukirudi Uvira baiskeli yateremka yenyewe, kama mto. Mbele ya Kamanyola kuna mlima wa Ngomo, njia ya Bukavu. Tuliujaribu mara moja tu. Hayo tusiyaseme. Mwaka 2025, vita viliposhuka bondeni, safari ya Kamanyola tuliiacha.

Sasa tuzitaje baiskeli zenyewe, ambazo wengi wetu huziita kinga. Zilikuwa sita. Moja ni Phoenix ya Shanghai, nzito, isiyojua kufa. Moja ni Hero ya Ludhiana, katika Uhindi, ambako Hero walianza kutengeneza baiskeli mwaka 1956. Moja ni ya mbio, kuukuu ya Ulaya, iliyotufikia kwa njia ya Bujumbura. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, na tairi zake nyembamba ni shida kuzipata. Moja ina gia nyingi kuliko akili zetu. Moja ni ya mtoto. Na ya sita, iliyo ya kwanza kwa heshima, ni Raleigh nyeusi ya Uingereza, ya marehemu baba. Breki zake si za waya, ni za vyuma virefu, na dinamo yake bado yawasha taa.

Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kiliba, naye aliinunua kwa mshahara wake. Kila siku aliiendea kazini. Aliibebea mihogo, mabati, na mama yetu alipokuwa karibu kujifungua. Oktoba 1996, vita vilipoingia, alitupakia sisi wawili juu yake, mmoja mbele juu ya bomba la fremu, mmoja nyuma juu ya godoro lililokunjwa, akaikokota kwenda kusini pamoja na umati wa watu. Twakumbuka mgongo wake ulivyolowa. Alituonyesha pia kuziba pancha, akatufundisha kwamba mpira si kitu cha mchezo kwa Mkongo. Dunlop alipoandikisha tairi lake la upepo mwaka 1888, watu wa Ulaya walianza kuutafuta mpira kila mahali, na katika msitu wa Kongo watu wengi walilazimishwa kuugema kwa mijeledi na bunduki za utawala wa Leopold wa Pili. Kwa hiyo baba hakutupa kipande cha tairi hata kimoja.

Alipokufa, tuliipaka Raleigh rangi mpya, tukaitundika ukutani sebuleni. Hizo nyingine tulizipanga chini yake. Wageni walikuja kuzitazama, na sisi, tuungame, tulipenda watazame.

Mwezi wa Februari 2020 alikuja mama jirani. Alikuwa akinunua ndagala Kalundu alfajiri na kuziuza sokoni, akizibeba kichwani, na shingo ilikuwa imeanza kumwuma. Alisimama mlangoni, akasema: "Wanangu, mnazo sita. Niazimeni moja tu, mwanangu awe ananibebea." Sisi tukatazamana. Tukamjibu: "Mama, hizi si za mizigo." Hakukasirika. Aliitazama ile Raleigh ukutani, ambayo alimwona baba akiipakia mihogo miaka mingi, akaaga akaenda zake.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili mto Mulongwe uliacha njia yake. Wote waliokuwa Uvira wanaujua usiku ule. Mawe yalinguruma ndani ya maji kama malori. Tuliwabeba watoto na wazee, tukakimbilia juu, na hatukugeuka kuangalia kitu. Makumi ya watu walikufa, na nyumba maelfu zilibomoka. Kulipokucha, nyumba yetu ilikuwa imesimama nusu. Ya mama jirani haikuwapo. Yeye na watoto wake walikuwa hai, wamekaa uani pa shule bila hata sufuria.

Tulichimba tope siku tatu. Baiskeli ya mbio ilikuwa imekunjika kama karatasi. Ya mtoto hatukuiona tena. Raleigh tuliikuta chini ya ukuta wa sebule, imejaa mchanga mpaka ndani ya kengele, lakini fremu yake nzima. Wakati huo mabomba ya maji ya mji yalikuwa yamevunjika, na Uvira kipindupindu si mgeni. Basi tukazisafisha zile nne zilizobaki kwa mafuta ya mawese, kwa kuwa hatukuwa na mengine, tukafunga bidoni. Raleigh ilibeba nne za lita 20, mbili kila upande. Siku ya kwanza spoki mbili zilikatika, tukaziunga kwa waya, ikaendelea. Mtaa mzima uliziendesha. Rangi yetu mpya ilibanduka yote kwa wiki moja, na chini yake ilitokea rangi ya baba.

Phoenix tulimpelekea mama jirani. Tulikuwa tumetayarisha maneno ya kuomba radhi, hakutuacha tuyamalize. Aliuliza tu kama breki ya nyuma inashika, kwani mteremko wa Kalundu anaujua.

Mwezi wa sita kiangazi kilirudi. Jumamosi ya kwanza tuliondoka kabla ya jua kwenda Makobola, mmoja juu ya Raleigh, mmoja juu ya Hero, upepo usoni kama desturi. Karibu na Kalundu baiskeli ilitujia mbio kutoka mbele, imefungwa makarai mawili ya ndagala nyuma, kijana amesimama juu ya kanyagio, mama yake akimfuata kwa miguu mikono mitupu. Kijana hakupunguza mwendo. Alipiga kengele mara mbili, nasi tukampisha.