Kwenda Kinlochleven na Bantam ya Mzee

Tuliondoka Glasgow asubuhi, watatu katika van moja: mzee mwenye pikipiki kwenye usukani, shemeji yangu katikati, mimi dirishani. Nyuma yetu ilifungwa Bantam ya BSA, cc 175, yenye tangi jembamba, matairi ya meno na kiti kidogo ambacho mwenyewe hakikalii, kwa kuwa mchezo wake huchezwa umesimama. Mimi nilikuwa sijawahi kupita kaskazini ya Glasgow. Shemeji naye alikuwa hajapita, ila yeye alichukuliwa kwa kazi. Kabla ya kuhamia Ulaya alikuwa na kijiwe karibu na stendi ya mabasi Tanga, akifungua kabureta za bodaboda kuanzia alfajiri. Mzee alimkuta katika gereji anayofanya kazi sasa, wakazungumza kabureta, na tangu siku hiyo hawajaachana.

Barabara ya A82 hufuata ukingo wa Loch Lomond, ziwa upande mmoja na mwamba upande wa pili, kona juu ya kona. Tulikunywa chai Tyndrum, kisha tukapanda nyika ya Rannoch. Pale hakuna mti wa kujificha nyuma yake: maji meusi, mboji, nyasi rangi ya kahawia na upepo. Baada ya hapo barabara inateremka katika bonde la Glencoe, ambako mwaka 1692 askari waliokuwa wamekaribishwa nyumbani na ukoo wa MacDonald waliwaua wenyeji wao usiku. Mzee alilisimulia tukio hilo kwa hasira, utadhani wauaji wangali wanatafutwa.

Kijijini Glencoe tulikata kulia na kufuata mkono wa bahari unaoitwa Loch Leven. Mpaka daraja la Ballachulish lilipofunguliwa 1975, dereva asiyetaka kungoja kivuko ilibidi auzunguke mkono huo wote, na mwisho wake ndipo ilipo Kinlochleven. Ni mji mdogo uliokua pamoja na kiwanda cha aluminiamu kilichoanza kazi 1909. Umeme wa kuyeyushia madini ulitokana na maji ya bwawa la Blackwater, yaliyoteremshwa mlimani kwa mabomba makubwa. Kiwanda kilishafungwa, lakini mabomba yapo, na kando yake kuna njia ya mawe inayopanda wima. Njia hiyo huitwa Pipeline, na kila anayependa mchezo huu anaijua.

Mchezo wenyewe ni traiali. Hakuna anayeshindana kwa spidi. Mpanda pikipiki hupewa vipande vifupi vya njia mbaya, mito, mizizi na miamba, na katika kila kipande yupo mwamuzi na karatasi yake. Ukipita bila mguu kugusa chini, unapata sifuri. Ukigusa mara moja, pointi 1; mara mbili, 2; zaidi ya hapo, 3; ukishindwa kabisa, 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mashindano makubwa ya siku sita ya Scotland, ambayo historia yake inaanzia 1909, yanafuatia siku chache tu baada ya haya ya Kinlochleven, kutokea Fort William. Haya tuliyoyaendea ni ya pikipiki za kizazi cha kabla ya 1965. Mpaka wa mwaka huo hauwashangazi wapenzi wa mchezo: 1965 ndipo Sammy Miller, aliyekuwa ametamba kwa Ariel yake ya Kiingereza, alipotwaa ushindi wa siku sita kwa Bultaco nyepesi ya Kihispania, na mashine nzito za zamani zikaanza kuwekwa kando.

Tulipoishusha Bantam na kuiwasha, ilianza vituko. Mzee alipiga kiki, ikashika, halafu ikapandisha resi peke yake. Alipoachia mafuta, sauti haikushuka. Ilibaki juu, ikasitasita, kisha injini ikazima ghafla. Akawasha tena, ikarudia yale yale. Kule Glasgow ilikuwa inanguruma vizuri. Mzee akauliza kama ni mwinuko. Shemeji akacheka.

"Mzee, hapa tuko ufukweni. Mimi nimehudumia pikipiki zinazotoka Mombo kwenda Lushoto, zinapanda karibu kilomita nzima kwenda juu. Huko hewa inakuwa nyepesi, mafuta yanazidi, pikipiki inatoa moshi mweusi na kuzubaa. Hii yako inalia njaa. Hewa imezidi mafuta."

Alichana kipande cha utepe, akakibandika kwenye mkono wa mafuta, akaweka alama kwa kalamu: moja ya nane, robo, robo tatu. Kwa fundi, alama hizo ni ramani. Kuanzia mkono uliofungwa mpaka moja ya nane, injini inalishwa na jeti ndogo ya sailensa, yaani ya mngurumo wa chini mkono ukiwa umeachiwa, na skrubu ya hewa. Kutoka hapo hadi robo, mkato ulio chini ya slaidi ndio unaotawala. Kati ya robo na robo tatu ni zamu ya sindano. Zaidi ya hapo inafanya kazi jeti kubwa. Alivuta mafuta polepole huku akisikiliza: kuanzia moja ya nane kwenda juu, Bantam ilikuwa safi kabisa. Ugonjwa wote ulikuwa chini ya alama ya kwanza.

Akashika skrubu ya hewa, akaizungusha ndani, akaizungusha nje. Sauti haikubadilika hata kidogo. "Skrubu isiyoleta tofauti," akasema, "inarekebisha njia iliyoziba."

Kabureta yenyewe ilikuwa Amal Monobloc, aina ya miaka ya 1950 ambayo chumba cha boya kimesubiwa pamoja na mwili wake. Mzee aliifunga mwenyewe zamani, kwa flenji ya boliti mbili. Uzuri wa aina hii ni kwamba jeti ya sailensa inatolewa kwa chini, chini ya nati ndogo, bila kubomoa kitu kingine. Shemeji aliitoa, akaielekeza kwenye mwanga. Mwanga haukupita. Ndani ya chumba cha boya kulikuwa na ute wa kahawia na unga mweupe. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, nayo huvuta maji kutoka hewani. Ikilala kwenye kabureta majira yote ya baridi, haya ndiyo masalio yake. Mitikisiko ya A82 ilimalizia kazi, ikayachokoa machicha na kuyasukuma mpaka kwenye tundu dogo kuliko yote.

Kijiweni tundu la namna hiyo huzibuliwa kwa uzi mmoja wa waya wa klachi. Mzee alipouona waya akanyoosha mkono kuzuia, lakini shemeji alikuwa keshaurudisha mfukoni: chuma hupanua shaba, na jeti iliyopanuka haina dawa. Alitumia unywele wa brashi ya nailoni, petroli safi, kisha akaunga pampu ya tairi na kupuliza njia zote za ndani. Sasa injini ilikubali sailensa. Hata hivyo, resi bado zilichelewa kushuka.

Hapo mzee akanywea. Katika injini ya tu-stroki hewa ya wizi inaweza kupitia sili za krenki, na kuzibadilisha ni kupasua injini nzima, si kazi ya uwanjani. Shemeji alianza na kilicho karibu. Alinyunyiza mafuta mepesi kuzunguka flenji, na papo hapo sauti ikabadilika. Hewa ilikuwa ikipita hapo. Rula ya chuma iliyolazwa juu ya flenji ilionyesha mwanga katikati: kwa miaka mingi boliti zilikazwa kupita kiasi mpaka masikio yakapinda. Mzee alikuwa na kipande cha kioo kinene kwenye sanduku. Msasa wa maji ukalazwa juu yake, na flenji ikasuguliwa kwa mwendo wa nambari nane, taratibu, mvua ikinyesha na mimi nikishika mwavuli. Gasketi mpya, boliti zikakazwa zamu kwa zamu, kiasi tu.

Ndipo wakabishana. Shemeji aliiweka sailensa juu kidogo, kama anavyomwekea mtu wa bodaboda ili asizimikiwe na abiria kwenye mataa. Mzee akaishusha mpaka nikawa naweza kuhesabu mipigo ya injini. Alieleza kwamba mwenye bodaboda anaishi kati ya robo na robo tatu ya mkono. Jeti ya sailensa ikichoka kidogo, hata habaini. Yeye juu ya mwamba anaishi chini ya alama ile ya kwanza. Anapoachia mafuta, resi zisiposhuka hapo hapo gurudumu linateleza na mguu unakwenda chini. Shemeji akasikiliza, akachukua bisibisi, akaanza upya kwa kipimo hicho: skrubu ya hewa zunguko moja na nusu kutoka ndani, kisha robo robo, mpaka Bantam ikawa inatii kila mkono ulipofungwa.

Pale Pipeline watu walijaa pande zote mbili. Mzee alipanda akiwa amesimama, injini ikipiga moja moja, gurudumu likishika jiwe baada ya jiwe. Karibu na juu aligusa kulia, akagusa kushoto, akatoka. Pointi 2. Alipotufikia alikuwa akihema, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba zote mbili ni za miguu yake, kabureta isisingiziwe.

Tukirudi, shemeji hakulala hata baada ya Rannoch. Alikuwa akitaja njia za Usambara: zile za Soni, zile za juu ya Lushoto kuelekea Magamba. Mawe yapo, pikipiki zipo, mafundi wamejaa. Akamuuliza mzee ile karatasi ya mwamuzi huwa inachorwaje.