Bustani ya Kuliwa

Kitui, 14 Oktoba
Joto limekaza. Mvua za vuli ndizo za kutegemewa huku Ukambani, kwa hiyo mashimo ya kupandia bustani ya vipepeo lazima yawe tayari kabla ya Novemba. Jirani kaniletea matawi ya lantana kwa kuwa vipepeo huyapenda maua yake. Nimemshukuru, ila siyapandi: lantana hutambaa ikameza malisho, na ni sumu kwa mbuzi. Zinia na alizeti zitatosha kwa mbochi. Maua kipepeo atayapata popote. Lakini mayai kwa kawaida hutaga juu ya mimea ambayo watoto wake wanaweza kula.

2 Novemba
Vijana walikuja kukata mti wa isivu ulio nyuma ya zizi. Nimewakataza. Miti ya jamii yake ndiyo chakula cha viwavi wa wale vipepeo weupe wenye mishipa ya kahawia, Belenois aurota kwa jina la kitaalamu. Mti unaovumilia kiangazi hivyo, nasi tunauona makaa tu! Inaniuma.

Wote, Makueni, 23 Novemba
Kwa mama, Mwaitu, michungwani. Kwenye majani machanga nimekuta viwavi weusi wenye baka jeupe, kama kinyesi cha ndege. Ukimgusa mmoja anachomoza pembe mbili laini zenye harufu kali. Ni watoto wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Mwaitu alikwisha kubeba bomba la dawa.
“Mwaitu, mchungwa mkubwa hauuawi na hawa.”
“Na miche yangu je?”
Ana haki, mche mdogo huweza kubakizwa vijiti. Tumewaokota mmoja mmoja, tukawahamishia kwenye mlimau mzee karibu na tangi. Ameahidi kwamba huo hautapigwa dawa.

Kitui, 9 Desemba
Vipepeo weupe wanapita tangu asubuhi, wote upande mmoja! Wengine wametua kwenye matope ya bombani kunyonya chumvichumvi. Juu ya isivu kuna vishada vya mayai. Nimesimama pale hadi uji ukaungua, wala sijali.

20 Desemba
Kule Gede, tangu 1993, wenyeji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo na kuuza pupa ng'ambo. Msitu uliosimama unawalisha. Sisi hatuna msitu kama ule, tuna mipaka ya mashamba. Katika kikao cha Januari cha chama chetu nitaomba isivu iliyo mipakani isikatwe. Mbegu nitagawa mimi.